Sifongo, makoro, pete na mkaa: kipi kinafaa ndani ya chujio la akwariamu ya kwanza hapa Goma?

Seti niliyoanza nayo ilikuwa na pampu ndogo ya kuning'iniza ukingoni mwa tangi, bomba fupi la kunyonyea maji, na kifuko bapa cha pamba nyeupe kilichotiwa mkaa mweusi ndani yake. Nilidhani nimenunua chujio kamili. Baada ya miezi minane ya kufuga gapi, samaki wadogo wa mapambo, katika tangi la lita 60, sebuleni kwetu Katindo, naweza kusema kwamba pampu ilistahili fedha niliyoitoa lakini kile kifuko hakikustahili. Tathmini hii inahusu vitu vinne nilivyovijaribu mahali pake: sifongo, kokoto za volkeno (makoro), pete za seramiki, na mkaa wa kuchujia unaouzwa peke yake.

Kasoro ya kifuko kile haionekani dukani. Muuzaji aliniambia, "Papa, hii unaitupa kila mwisho wa mwezi, unaweka mpya," nami nikatii. Katika wiki ya tano nilikitoa kikiwa kimegeuka rangi ya kahawia na kuteleza kama bamia iliyopikwa, nikakitupa, nikaweka kingine cheupe kabisa. Siku ya tatu samaki walikuwa juu juu ya maji wakihema, na matone ya kupimia amonia, ambayo maji yakiwa salama hubaki na rangi ya njano, yakageuka kijani. Gapi wawili walikufa. Ule utelezi niliokuwa nimeutupa ndio uliokuwa ukifanya kazi ya chujio.

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na chakula anachokiacha kikioza huongeza amonia hiyohiyo. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi mpaka sehemu ya maji ibadilishwe. Bakteria hao hawaogelei ovyo majini bali hujishikiza juu ya kitu, na katika tangi jipya huchukua kwa kawaida wiki nne hadi sita kufikia idadi ya kutosha. Anayetupa kila kitu kilichomo ndani ya chujio kwa siku moja anaanza upya kuzihesabu wiki hizo, tena safari hii samaki wakiwa tayari ndani.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya maji tunayoyatumia. Maji ya Ziwa Kivu, ambayo wengi wetu tunayapata kwa bidoni, yana madini mengi na pH (kipimo cha asidi au ualkali wa maji) inayokaribia 9. Katika maji yenye pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote inayopimwa, lakini pH ikifika 9 sehemu hiyo hupita theluthi moja. Kwa hiyo kipimo kinachomwacha mfugaji wa mahali pengine alale usingizi wake kinaweza kuua samaki wa Goma kabla ya asubuhi. Zaidi ya hayo, mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji ya huku hushika oksijeni pungufu kwa takriban sehemu moja kwa sita kuliko ya pwani, ilhali bakteria wanaihitaji oksijeni kama samaki wenyewe. Ndiyo maana kila kitu nilichokijaribu nilikiuliza maswali mawili tu: kinawapa bakteria makao kiasi gani, na je, naweza kukiosha bila kuwaua?

Sifongo inayovutwa kwa pampu ya hewa ilijibu yote mawili vizuri kuliko nilivyotarajia. Mapovu yakipanda ndani ya bomba lake huvuta maji kupitia matundu, takataka hunaswa nje, bakteria hukaa ndani, na vifaranga wa gapi, ambao pampu ya ukingoni iliwameza mara mbili, huzunguka juu yake wakidonoa. Kila baada ya wiki mbili au tatu naikamua ndani ya ndoo yenye maji niliyoyatoa kwenye tangi lenyewe. Siioshi kwa maji ya bomba yenye klorini, kwa kuwa klorini inaua bakteria. Niliwahi kutafuta njia ya mkato kwa kukata kipande cha sifongo ya godoro kwa fundi wa viti, lakini matundu yake ni madogo mno na kiliziba kabla ya wiki kwisha. Sifongo za jikoni zilizotiwa dawa ya kuua vijidudu nazo zisikaribie tangi.

Kokoto za volkeno ndizo zilizonifurahisha zaidi, labda kwa sababu nilikuwa nazikanyaga kila siku bila kuzitazama. Kuta za nyua zetu ni makoro, na mji wenyewe umelala juu ya lava: ile ya Januari 2002 iliyopita katikati ya mji hadi ziwani, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 iliyosimama upande wa Buhene. Lakini si kila jiwe linafaa. Jiwe zito la kujengea, lililoganda likiwa limeshikamana, lina matundu machache. Linalotakiwa ni lile jepesi, jeusi au jekundu kidogo, ambalo ukilivunja ndani huonekana kama andazi lililoumuka vizuri. Fundi mwashi alinijazia kopo moja bila kudai kitu, nikachagua vipande vya ukubwa wa karanga na vingine vya ukubwa wa tende, nikaviacha vile vilivyolala kando ya barabara penye mafuta ya magari.

Kuziosha ni kazi. Karai la kwanza la maji lilitoka jeusi kama kahawa, la saba bado lilikuwa la kijivu, na ni katika la kumi na moja nilipoanza kuona vidole vyangu chini ya maji. Kisha nilizichemsha kwa dakika ishirini, nikaziacha zipoe ndani ya sufuria ileile, nikazitia katika mfuko wa neti ya vitunguu na kuuweka ndani ya chujio la ukingoni, nyuma ya kipande cha sifongo kinachozuia takataka zisizibe matundu. Sifongo ya zamani niliiacha tangini muda wote huo ili bakteria wahamie. Baada ya wiki sita amonia na nitriti zilisoma sufuri, na hazijapanda tena. Dosari ninayoijua ni mchanga: punje ndogo huendelea kutoka, huingia katika gurudumu la pampu, na kulifanya lisage kama kinu. Tena kokoto hizi zibaki ndani ya chujio, kwa kuwa kingo zake ni kali na zikitandazwa chini ya tangi zitawachubua samaki.

Pete za seramiki zinafanya kazi hiyohiyo kwa usafi zaidi. Zinalingana, hazitoi mchanga, na maji hupita kati yake kwa urahisi. Pakiti hutaja mita za mraba nyingi za eneo lililomo ndani ya matundu, kana kwamba mtu ananunua kiwanja. Niliziweka miezi miwili mahali pa makoro na sikuona tofauti yoyote katika vipimo, kwa hiyo ningemshauri azinunue yule tu ambaye hana nafasi ya kuosha makarai kumi na moja ya mawe.

Mkaa wa kuchujia hauna kosa, ila huuzwa kama jambo la lazima. Huondoa rangi ya maji, harufu, na mabaki ya dawa baada ya matibabu, lakini amonia hauiondoi, na baada ya wiki chache hujaa ukabaki kama jiwe la kawaida. Ukiwatibu samaki, utoe kwanza, la sivyo utainyonya dawa kabla haijawafaa. Makala, yaani mkaa wa kupikia, hayawezi kushika nafasi yake: hayajapitishwa katika joto kali na mvuke unaofungua vitundu vyake, na majivu yake huongeza ualkali katika maji ambayo tayari yana ualkali wa kutosha. Zeolaiti, inayouzwa kwa kazi ya kunasa amonia, sikuinunua, kwa sababu katika maji yenye madini mengi kama yetu madini hayo huigombania nafasi na nguvu yake hupungua.

Kwa anayeanza, basi, fedha ya kwanza iende kwenye sifongo na pampu ya hewa, makoro yafuate, na mkaa ukae kabatini. Umeme nao una neno lake katika uamuzi huu. Pampu ya ukingoni ikizimika, maji yaliyomo ndani ya kisanduku chake huishiwa na oksijeni, bakteria huanza kufa baada ya saa chache, na umeme ukirudi uchafu wao humwagwa tangini kwa mkupuo. Sifongo iliyo wazi ndani ya tangi haina tatizo hilo kwa kiwango hicho, hasa ukiwa na pampu ndogo ya betri. Usiku wa giza mimi huutoa ule mfuko wa neti na kuutundika kwa uzi ndani ya tangi, karibu na mapovu. Asubuhi naurudisha, na pampu husaga mchanga wake dakika mbili tatu kabla ya kunyamaza.