Kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani Mwanza: tathmini ya upande wa utafiti

Kila msimu wa maombi ya udahili unapokaribia, madaktari wanaomaliza mafunzo ya vitendo huniuliza swali lilelile: anayetaka kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani na wakati huohuo ajifunze utafiti kwa dhati, aje Mwanza au abaki Dar es Salaam? Mimi nimesoma Mwanza, kwa hiyo ninachokitathmini hapa ni jambo moja tu, yaani nafasi za utafiti anazozikuta daktari anayesoma shahada ya uzamili CUHAS, chuo kikuu cha afya cha Kikatoliki kilichopo Mwanza, huku akihudumia wagonjwa katika wodi za hospitali ya rufaa ya Bugando. Habari za ada na malazi nawaachia wengine, ingawa nikiri kwamba chai ya saa nne imeokoa raundi nyingi.

Utajiri wa kwanza wa mahali hapa ni wagonjwa wenyewe. Hospitali ile ya mlimani, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina vitanda zaidi ya 900 na hupokea rufaa kutoka Geita, Kagera, Mara, Simiyu, Shinyanga na kwingineko katika Kanda ya Ziwa, hivyo kwamba moyo kushindwa kufanya kazi, kisukari, selimundu, VVU, kifua kikuu na kichocho hukutana katika wodi moja, na mara nyingine katika mwili wa mtu mmoja. Katika wiki yangu ya pili nilimpokea mvuvi wa makamo kutoka Ukerewe aliyekuwa ametapika damu kiasi cha kujaza nusu beseni. Bandama yake ilikuwa imeshuka hadi usawa wa kitovu, lakini macho hayakuwa ya manjano, na mkewe aliapa kwamba mumewe hajawahi kuonja pombe.

“Shikamoo baba. Umewahi kumeza dawa za kichocho?”

“Marahaba, daktari. Hizo wanapewa watoto shuleni. Sisi wa mitumbwini nani atatufuata?”

Mayai ya kichocho cha tumbo huziba vijishipa vya ndani ya ini, shinikizo katika mshipa mkuu unaoingia humo hupanda, na mishipa ya umio huvimba mpaka ipasuke, hali ini lenyewe bado linafanya kazi yake vizuri. Hayo yamo vitabuni. Ambalo halimo vitabuni ni swali la yule mzee, nalo lilitosha kuzaa tasnifu mbili au tatu. Utafiti juu ya wagonjwa wa namna hiihii, waliolazwa hapa Mwanza kwa kutapika damu, ulichapishwa mwaka 2014, na nilipousoma usiku ule nikiwa zamu nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba makala ya kisayansi inaweza kuanzia kando ya kitanda.

Utajiri wa pili ni majirani. Mjini humuhumu kuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kitengo cha majaribio ya tiba cha MITU, na chuo kina uhusiano wa miaka mingi na Weill Cornell, chuo cha udaktari cha New York. Mkoa huu ndiko lilikofanyika lile jaribio lililochapishwa mwaka 1995, katika jamii 12, lililoonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Kanda hiihii ndiko viongozi wa dini walikofundishwa kuhusu tohara ya wanaume, na matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yakaonyesha kuwa vijijini mwao wanaume wengi zaidi walijitokeza kutahiriwa. Hata hivyo, mgeni asidhani kwamba kukaa karibu na miradi mikubwa ni sawa na kuwa ndani yake. Miradi ya aina hiyo, popote ilipo, ina waajiriwa wake na ratiba yake; anayebisha hodi mwaka wa kwanza huweza kupewa swali dogo la kulifanyia kazi, na anayebisha mwaka wa tatu huambulia pole.

Kuhusu tasnifu yenyewe nina la kuungama. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na wagonjwa 384, kama ilivyo kwa nusu ya rasimu nilizowahi kuziona, kwa sababu ndiyo namba inayotoka kwenye kanuni ukikadiria ukubwa wa tatizo kuwa asilimia 50 na kuruhusu kosa la asilimia 5. Msimamizi wangu aliitazama, akaniuliza kwa upole, “Daktari, hiyo hamsini umeitoa wapi?” Sikuwa na jibu. Ilinibidi nirudi kwenye rejista za wodi, nihesabu kwa kidole wagonjwa wa moyo waliolazwa mwaka uliotangulia, kisha nilibane swali langu mpaka likabaki la watu 125. Somo hilo la dakika mbili lilinifaa kuliko muhula mzima wa takwimu.

Penye udhaifu ni muda. Kozi ya miaka 3 yenye zamu za usiku haimwachii mtu nafasi ya kujifunza kuchambua data kwa utulivu, ndiyo maana wengi wetu hukimbilia vijana wa mjini wanaofanya kazi hiyo kwa malipo. Mmoja wao, ambaye simtaji, alinirudishia majedwali yaliyopambwa kwa rangi, yenye wastani wa presha, ile namba ya juu, wa 172. Wagonjwa wangu nawajua, hawakuwa hivyo. Kumbe watano ambao presha zao hazikuandikwa nilikuwa nimewawekea alama ya 999, naye akazijumlisha kama vipimo vya kweli. Tulipoziondoa, wastani ukawa 138. Nililipa mara moja tu; uchambuzi uliofuata niliufanya mwenyewe, polepole, na nilichelewa kuwasilisha kwa miezi miwili.

Kibali cha maadili kiombe mapema, na fomu ya ridhaa iandike kwa Kiswahili ambacho mvuvi atakielewa akisomewa mara moja. Ukifika wakati wa kuchapisha, omba msamaha wa ada kabla ya kutuma makala, maana majarida mengi yanayosomwa bure hutoza waandishi kwa dola.

Kwa anayependa kuuliza maswali, mimi ningemshauri aje. Ila kabla ya kujaza fomu apande mlimani siku ya kazi, awatafute wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu wakati wa chai, awaulize ni lini msimamizi wa kila mmoja alimrudishia rasimu ikiwa na alama za kalamu. Wakitaja tarehe, aangalie na kalenda.