Kozi ya kueleza sayansi kwa watu wa kawaida: wiki mbili tatu zinalipa, zingine ruka tu

Juzi nimemaliza kozi ya mtandaoni ya wiki 6 ya kufundisha watu wa sayansi waongee wakaeleweka, jina silitaji maana nina malalamiko. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu vijidudu, na nilijiunga kwa sababu kila nikianza kueleza ninachofanya naona mtu anachukua simu yake taratibu.

Wiki ya kwanza nusura nijitoe. Mwalimu anakwambia achana na maneno magumu, halafu yeye anasoma slaidi neno kwa neno, hadhira lengwa sijui nini, dakika 40 aisee.

Wiki ya pili ndo nikaamka. Unagonga meza kwa mdundo wa wimbo unaojulikana na mwenzako abahatishe ni upi, mimi wimbo unapiga kabisa kichwani, yeye anasikia ko ko ko tu. Kumbe ni jaribio la mwanafunzi wa saikolojia Elizabeth Newton pale chuo cha Stanford, Marekani, 1990, wagongaji walidhani nusu ya nyimbo zitajulikana, zikajulikana 3 kati ya 120. Hapo nikaelewa zile simu.

Wiki ya kueleza namba nayo wameitendea haki. Wanatumia kisa cha Uingereza 1995, ilitangazwa kwamba aina fulani ya vidonge vya uzazi wa mpango inaongeza hatari ya damu kuganda mara 2, watu wakaogopa, wengi wakaacha vidonge, mimba ambazo hazikupangwa zikafuata. Sasa mara 2 ya nini? Kutoka mwanamke 1 kati ya 7,000 kwenda 2. Hesabu ni ile ile, ila moja inamtoa mtu mbio.

Zoezi la mwisho unaandika aya, unampa mtu asiye wa fani, anakurudishia kwa maneno yake. Nikaandika kuhusu usugu wa antibayotiki (dawa za kuua bakteria), hakuna neno gumu hata moja, nikajiona nimeweza. Shemeji yangu akasoma, akasema "kwa hiyo mwili ukishazoea dawa haikusaidii tena." Dah! Mwili hauzoei kitu, bakteria ndo wanakuwa sugu, dhaifu wanakufa na wagumu wanabaki kuzaana, na unaweza kuambukizwa hao wagumu hata kama hiyo dawa hujawahi kuimeza. Neno "usugu" peke yake halikumwambia nani kawa sugu. Nikaandika upya, kila sentensi inaanza na bakteria, mara ya tatu ndo akaipata.

Aya hiyo hiyo nikaituma kwa mkufunzi, ikakaa siku 11, jibu likaja "kazi nzuri, endelea hivyo." Nilikuwa nimemtumia ile ya kwanza, iliyokosewa.

Nyota 3. Ukijiunga ruka wiki ya 1 na ya 5 (ya 5 ni rangi za slaidi tu), na shemeji wako mtafute mapema, usingoje wiki ya mwisho.