Bima ya Noah iliyomgonga mama: nyota moja, na hiyo ni ya mlinzi wa getini

Kampuni siitaji maana bado tunadaiana. Mama aligongwa na gari aina ya Noah kwenye zebra, goti likavunjika, dereva akakubali kosa mbele ya trafiki, stika ya bima tukaicheki TIRA MIS (mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima) iko hai kabisa, nikajua hapa kazi imeisha kumbe ndo inaanza. PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) tunayo, ripoti ya trafiki tunayo, risiti za hospitali orijino, tukapeleka kleimu. Kimyaa. Ukienda dada wa mapokezi anakwambia faili liko kwa bosi, bosi yuko safari. Mwisho wanajibu kwa meseji eti goti hawalipi, ni "tatizo la umri". Jamani! Mama anauza vitenge, kila siku anapanda ngazi na mzigo kichwani, huo umri umemfika dakika ileile Noah inamgonga?

Tukawaandikia barua watupe sababu kwa maandishi na watuonyeshe kifungu wanachosimamia, na kopi yetu tukaigongesha muhuri wa kupokelewa (hii msiache, bila muhuri watasema hawajawahi kukuona). Daktari aliyemfanyia oparesheni akaandika ripoti kwamba mfupa umevunjika kwa kugongwa, akaambatanisha eksirei. Na chini ya barua tukaweka kabisa kwamba wakikaa kimya tunaenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, ambako kupeleka lalamiko ni bure ila unatakiwa uwe umeanza na kampuni yenyewe. We! Bosi akarudi safari.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini. Wakatuita na dischaji vocha, hela ni kama nusu ya bili, na maandishi madogo yanasema ukisaini huna madai tena, dada anasukuma kalamu mezani "mama saini tu hapa upate hela yako leo". Mama akasema miwani kaacha nyumbani, tukaondoka na vocha yao. Watu wengi wanasaini pale maana wana madeni hospitali na wanaona kama wanapewa msaada, wakati bima ndogo (ile ya mtu wa tatu) ipo kisheria kwa ajili ya mtu kama mama, aliyegongwa na gari lisilo lake.

Tulivyokataa wamelipa oparesheni na wodi. Mazoezi ya goti bado wanazungusha, na nauli za bajaji kwenda kliniki wamekataa, wanataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ya bajaji.