Anki na ndege wa kaskazini: uzoefu wa mwongoza watalii

Kazi yangu ni kuongoza watalii katika hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, na wageni ninaowapenda kuliko wote ni wanaokuja kwa ajili ya ndege. Hao huwaambii "yule ni tumbusi" ukadhani umemaliza. Watataka kujua ni tumbusi gani, mkubwa au bado mchanga, na sauti ikitoka kichakani wanakugeukia wewe kabla hawajafungua kitabu. Nchi yetu ina zaidi ya aina 1,100 za ndege. Kuzisoma kitabuni ukurasa kwa ukurasa kunachosha, na mwezi ukipita nyingi zimeshatoka kichwani. Programu iliyonivusha ni Anki, na nimeitumia misimu ya kutosha kuweza kuisemea.

Inavyofanya kazi ni rahisi. Unatengeneza kadi, swali upande mmoja, jibu upande wa pili. Unajibu kwanza kichwani, ndipo unafunua, kisha unabonyeza kitufe kusema kama ulikumbuka vizuri, kwa taabu, au hukukumbuka kabisa. Uliyoikumbuka itarudi baada ya siku chache, halafu wiki, halafu miezi. Uliyoisahau inarudi leo leo. Wazo lenyewe ni la zamani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kasi ya kusahau na kuchapisha matokeo mwaka 1885. Sebastian Leitner akaja na visanduku vya kadi za karatasi miaka ya 1970, na mwaka 1987 Piotr Woźniak wa Poland akaihamishia hesabu ya lini kadi irudiwe kwenye kompyuta. Anki ilitoka mwaka 2006, kazi ya Damien Elmes.

Kwenye kompyuta ni bure. Kwenye Android inaitwa AnkiDroid, nayo ni bure, imeundwa na watu wanaojitolea. Mwenye iPhone analipa mara moja, takriban dola 25. Uwe macho unapoipakua, maana zipo programu nyingine zenye jina linalokaribiana na hilo, zinazotoza kila mwezi. Sura yake haivutii, lakini haihitaji mtandao, na kwangu hilo limeshinda yote. Serengeti kuna sehemu simu haishiki kabisa; wageni wakiwa bado kwenye kifungua kinywa, napitia kadi zangu bila bando wala wasiwasi.

Kadi ninazojivunia zaidi ni za sauti. Nachukua rekodi kwenye tovuti ya xeno-canto, nakata sekunde chache, naziweka upande wa swali bila picha. Wachukue njiwa wawili wanaowachanganya waongozaji wengi, Streptopelia capicola na Streptopelia semitorquata. Ukiwaona mbali juu ya mti, wote ni kijivu, wote wana ukosi mweusi shingoni. Lakini capicola analia kwa mapigo matatu, la katikati likiwa zito: ka-RI-bu, ka-RI-bu, ka-RI-bu, bila kuchoka, mchana kutwa. Semitorquata ana mapigo sita, nami nimempa maneno yake: mi-mi-ni-nji-wa-tu. Nikishayaandika maneno hayo nyuma ya kadi, kila ilipojirudia ilinichukua muda mfupi zaidi, na sasa nawatofautisha gari likiwa linatembea.

Kwa tumbusi natumia njia ya kale zaidi ya kukumbuka: kuweka vitu kwenye njia unayoijua kwa moyo. Njia yangu ni barabara ya Arusha hadi lango la Lodoare, Ngorongoro. Gyps africanus, mwenye mgongo mweupe na mdomo mweusi, nimemweka juu ya mti pale Makuyuni, kwa sababu yeye hujenga kiota mtini. Necrosyrtes monachus, mdogo, mdomo mwembamba wa kuokotea makombo, yuko mlangoni mwa bucha la Mto wa Mbu. Tukianza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa namkuta Gyps rueppelli, manyoya yake yana kingo nyeupe kama magamba, mdomo rangi ya pembe. Huyu huzaliana kwenye majabali, hivyo yuko mahali pake hasa. Karatu yupo Torgos tracheliotos, mkubwa wao, kichwa kitupu chenye mikunjo, anachana mpira wa tairi kwa mdomo wake mzito. Langoni amesimama Trigonoceps occipitalis, kichwa cheupe na mdomo wa waridi. Wanne kati ya hawa watano wako katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka; Torgos yuko daraja moja chini yake. Mgeni anayefika kuwaona anastahili mtu anayewajua mmoja mmoja.

Udhaifu upo. Ukiweka picha moja tu kwa kila ndege, akili inashika picha badala ya ndege: unaona tawi lililopinda na wingu nyuma yake, unataja jina, kumbe porini ndege huyohuyo atakupita. Dawa ni picha tatu au nne za kila mmoja, dume, jike na mchanga, mwangani na kivulini. Kwa ndege wadogo wa kahawia wa jenasi Cisticola hata hilo halitoshi. Pale bila sauti na bila mtu mzoefu pembeni, programu peke yake haifiki. Mafungu ya kadi yaliyotengenezwa na wengine siyapendekezi pia. Yana ndege ambao hujawahi kuwaona, na kadi isiyo na kumbukumbu yoyote nyuma yake inang'ang'ania kusahaulika.

Halafu kuna deni. Anki inakuja imepangwa kukupa kadi mpya 20 kwa siku, na kwa mtu mwenye kazi hizo ni nyingi mno, kwa sababu kila mpya leo ni marudio ya kesho na keshokutwa. Punguza ziwe tano. Msimu wa wageni wengi, Juni hadi Oktoba, mimi nasimamisha mpya zote na kufanya marudio tu. Washa pia mfumo wa kupanga marudio unaoitwa FSRS, uliongezwa mwaka 2023. Unajifunza kutokana na majibu yako mwenyewe, na marudio yasiyo ya lazima yanapungua.

Msimu huu wa mvua nimeanza fungu la miti. Migunga tuliyofundishwa kuiita Acacia wanasayansi wameigawa, mingi ya kwetu sasa ni Vachellia au Senegalia, kwa hiyo kila kadi ina jina jipya, na la zamani chini yake kwa ajili ya wageni wanaobeba vitabu vya zamani.