Ziara ya Nyayo za Askari Dar es Salaam: Nusu ya Kwanza Imeiva, ya Pili Inaharakishwa

Wakazi wengi wa Dar es Salaam hupita kando ya Sanamu ya Askari, pale Mtaa wa Samora unapokutana na Azikiwe, wakiwa wamebanana ndani ya daladala au wakikwepa bajaji, na ni wachache wanaosimama kujiuliza yule askari wa shaba alipigana vita gani na kwa ajili ya nani. Ziara ya nusu siku inayoendeshwa na vijana wawili wa mjini, kwa Kiswahili fasaha na kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu, imejengwa juu ya swali hilo. Badala ya kusimulia majemadari, vijana hawa wamemchukua askari mmoja wa kawaida na kumfuata kutoka vita hadi vita. Wanaeleza mapema kwamba mtu huyo ni wa kubuni, ameunganishwa kutokana na maisha ya wengi, na uwazi huo ni sifa ya kwanza ninayowapa.

Askari wao anaandikishwa nchini Misri mwaka 1889, wakati Mjerumani Hermann von Wissmann alipokwenda kutafuta Wasudani walioachishwa kazi katika jeshi la huko ili wamsaidie kuzima upinzani wa Abushiri katika pwani yetu. Anaponea chupuchupu Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, siku ambayo Wahehe wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Kijerumani cha Zelewski. Mwaka 1894 yumo katika jeshi linaloiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa. Na mwaka 1905, akiwa tayari na mke, watoto na nyumba, anapelekwa kusini katika Vita vya Majimaji. Sehemu hii inasimuliwa mkabala na bahari, Kivukoni, na ndiyo iliyonishawishi kwamba waendeshaji wameifanyia kazi mada yao. Hawamfichi askari wao nyuma ya neno amri. Wanasema alichoma maghala na mashamba, na kwamba sehemu kubwa ya waliokufa, ambao makadirio ya baadhi ya wanahistoria yanawafikisha 300,000, waliuawa na njaa iliyofuata.

Hapo mwongozaji alimgeukia mzee mmoja wa kundi letu, mstaafu wa jeshi aliyekuwa ametueleza kwamba alipigana Vita vya Kagera, akamwuliza, “Shikamoo tena mzee wangu. Ungekuwa wewe, ungekataa?” Mzee aliitikia marahaba, akafikiri kidogo, kisha akajibu: “Kijana wangu, sisi tulijua tunamfuata Amin. Huyu wenu alijua anamfuata nani?” Kijana hakuwa na jibu la haraka, wala hakujaribu kulitunga. Mazungumzo yaliyofuata, kuhusu mshahara, chakula cha familia na heshima ya sare, yalikuwa bora kuliko maelezo yoyote yaliyoandaliwa.

Kuhusu mshahara, wanazungusha mkononi mwa wageni sarafu ya heller 20 iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati manowari za Waingereza zilipokuwa zimefunga njia ya bahari na koloni la Wajerumani likaishiwa sarafu. Ni kipande cha shaba kisichong’aa, chenye taji, mwaka, na herufi T chini yake. Heller 100 zilikuwa rupia moja, kwa hiyo mtu mwenye sarafu tano za namna hiyo alikuwa na rupia yake kamili. Ukiishika ndipo unapoelewa kwamba vita ile, kwa aliyeipigana, ilikuwa pia ajira ambayo mwajiri wake alikuwa anaishiwa.

Kwenye Sanamu yenyewe, iliyozinduliwa mwaka 1927, mwongozaji anasoma maandishi ya msingi wake, yaliyo katika Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na anakaa sana kwenye maneno yanayowataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha anawaomba watu watafute jina lolote la aliyekufa. Hakuna. Swali hilo linapata uzito wake baadaye, katika Makaburi ya Vita ya Barabara ya Bagamoyo, yaliyoanzishwa mwaka 1968 pale makaburi 660 yalipohamishwa kutoka Ocean Road ili kupisha ujenzi wa barabara. Huko unapita kaburi baada ya kaburi lenye jina, cheo na kikosi. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi hayo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Takwimu hiyo ilipaswa kutolewa tukiwa bado mbele ya Sanamu, si baada ya safari.

Nalo gari lililotupeleka makaburini ndilo tatizo langu kubwa. Mtoto wa askari wao anaingia Keya, yaani jeshi la Waingereza la King’s African Rifles, anapigana Ethiopia mwaka 1941, Madagascar mwaka 1942, kisha anashuka bonde la Kabaw nchini Burma katika mvua za mwaka 1944. Anarudi katika nchi ambayo kambi yake itaitwa Colito, kwa jina la mahali pa mapigano ya Ethiopia. Januari 1964 wanajeshi wa kambi hiyo wanaasi, Septemba linaundwa Jeshi la Wananchi, na kambi inakuja kuitwa Lugalo. Maisha yote hayo yalisimuliwa ndani ya Noah iliyokwama kwenye foleni, madirisha wazi, honi kila upande, na waliokaa viti vya nyuma hawakusikia chochote. Mtu aliyeanza na baba aliyenusurika Lugalo alistahili kuelezwa, akiwa ametulia chini ya mti, kwamba jina la ushindi wa Wahehe ndilo lililobandikwa kwenye kambi ya Dar es Salaam.

Jambo jingine dogo: kisa cha wazee waliokuwa askari wa Wajerumani, ambao mwaka 1964 waliitwa huko Mwanza kupokea malipo yao ya vita kutoka Ujerumani Magharibi, wakapewa ufagio badala ya bunduki na kuamriwa kwa Kijerumani waonyeshe gwaride, kinasimuliwa kama jambo lililothibitishwa na kwa kusudi la kuchekesha. Ningependa waseme kwamba ni kisa kinachosimuliwa, na waeleze kwa nini malipo yalichelewa hivyo.

Ninaipendekeza, hasa kwa walimu wa historia wa sekondari na kwa wenyeji wa jiji kuliko watalii. Nenda na kundi la saa 2 asubuhi, beba maji na kofia, na ukipanda gari kaa kiti kilicho nyuma ya dereva. Waendeshaji wakihamishia simulizi ya Keya kwenye kivuli cha makaburini na kuongeza nusu saa, nitakuwa tayari kulipa zaidi.