Kitabu cha ukoo kilichoandikiwa Moshi: kazi inayostahili fedha yake, ukiisoma kwa makini kabla haijachapwa

Desemba ya mwaka juzi, ndugu zetu waliporudi Old Moshi kwa Krismasi kama ilivyo desturi ya Wachagga, kikao cha ukoo kilikubaliana kutafuta watu wa kutuandikia kitabu cha nasaba. Kazi tuliipa ofisi ndogo ya mjini Moshi, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa nina malalamiko juu yake, ingawa sifa zake ni nyingi kuliko kasoro. Tulilipa shilingi 1,800,000 kwa nakala 30 zenye jalada gumu, nusu tukiitanguliza, na kazi ilichukua miezi tisa badala ya sita tuliyoahidiwa.

Kilichonivutia tangu siku ya kwanza ni kwamba vijana wa ofisi hiyo hawakukubali kuandika jina la mtu yeyote kabla ya kuonyeshwa namna linavyoungana na la mzazi wake. Mwenyekiti wetu alikuwa na mti wa ukoo aliouchora mwenyewe, wenye vizazi kumi na viwili, nao walimrudishia kwa heshima na kumwomba tuanze kwa walio hai, kisha tupande kizazi kimoja kimoja. Walitueleza kuwa huo ndio utaratibu wa vyama vya nasaba vya Marekani. Chama cha Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, kilichoanzishwa Washington mwaka 1890, humpokea mwanamke aliyetimiza miaka 18 pale tu anapothibitisha kuwa ni mzao wa damu wa mtu aliyepigania au kusaidia uhuru wa nchi hiyo dhidi ya Waingereza, na kila kiungo kati ya mzazi na mtoto lazima kiwe na ushahidi wake. Kwa ukali huo wa ushahidi ninakiheshimu, pamoja na maktaba yake ya nasaba na majengo ya kale kinayoyatunza. Siheshimu kilichotokea mwaka 1939, kilipomkatalia mwimbaji mweusi Marian Anderson kuimba katika ukumbi wake, naye akaimba nje, penye mnara wa kumbukumbu ya Lincoln, mbele ya umati mkubwa.

Sisi hatuna vyeti vya miaka ya 1880. Tunavyo vitabu vya ubatizo vilivyoanzishwa na Walutheri wa misheni ya Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, tunacho kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, ambamo wazee wamezikwa na masale, mmea wa heshima kwa Wachagga, kupandwa, na tunaye Bibi. Niliwasindikiza vijana hao kanisani siku nzima. Mmoja alikuwa akiweka rula chini ya kila mstari wa wino uliogeuka rangi ya kahawia, akisoma kwa sauti ya chini, na ilipofika alasiri alikuwa amelipata jina la babu mzaa babu yetu mara tatu, kila mara kwa tahajia nyingine, kwa sababu mwandishi Mjerumani aliandika alivyosikia. Hakuridhika mpaka alipolinganisha majina ya wadhamini wa ubatizo katika sehemu zote tatu.

Kesho yake tulikwenda kwa Bibi, tukamkuta akimenya ndizi za mtori.

“Shikamoo, Bibi. Mama yake babu aliitwa nani?”

“Marahaba, wajukuu zangu. Subirini, msiandike bado.”

Aliendelea kumenya kwa muda mrefu, kisha akataja wanawake saba, kila mmoja na ukoo aliotoka na mto uliovukwa siku ya kumleta. Katika mti wa mwenyekiti hapakuwa na hata mmoja wao.

Hapo ndipo penye lalamiko langu la kwanza. Nakala ya kusahihisha ilipofika, wanawake wale saba walikuwa wamegeuka “mke wa fulani” na “mke wa pili wa fulani”, ilhali majina yao yalikuwa katika madaftari ya ofisi hiyohiyo. Tuliirudisha, na ikasahihishwa baada ya wiki tatu bila malipo ya ziada.

La pili lilikuwa zito zaidi. Ukurasa mmoja ulisema, kama jambo lililothibitishwa, kwamba babu yetu mmoja alinyongwa na Wajerumani pamoja na Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, tarehe 2 Machi 1900. Ushahidi ulikuwa kauli ya mzee mmoja tu, na baadhi ya ndugu walifurahi kuisoma. Mimi nilikataa, na bado ninaamini nilikuwa sahihi. Septemba 2023 taasisi ya Berlin inayosimamia makumbusho ya huko ilitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umeyaunganisha mafuvu matatu yaliyopelekwa Ujerumani enzi za ukoloni na watu wanaoishi Tanzania leo, mojawapo likiwa la akida wa Mangi Meli. La Mangi mwenyewe halikuwemo. Kuna familia za hapahapa mlimani ambazo zimetoa mate yao yapimwe ili wazee wao wapatikane na kuzikwa. Ukoo unaojiandikia shujaa asiye wake unaziwekea kizuizi familia hizo, hata kama nia ni kuipenda nchi. Sentensi ile sasa inaanza na neno “inasimuliwa”, na ofisi, kwa haki yake, ilikubali kuwa ndivyo ilivyopaswa kuandikwa tangu mwanzo.

Uchapaji ni safi, picha za kihamba zimetoka vizuri, na jedwali linalofuata mjukuu, kitukuu, kilembwe na kilembwekeza linasomeka hata na watoto wa shule. Ramani ni dhaifu.

Hadi leo hatujakabidhiwa rekodi za sauti, ikiwemo ile ya Bibi, kwa kuwa mkataba haukuzitaja. Mlango wa pili wa ukoo wetu unataka kuagiza kitabu chake, na nimewashauri waende ofisi hiyohiyo, lakini wasitoe nusu ya kwanza kabla rekodi hazijaandikwa katika mkataba kuwa ni mali ya ukoo.