Ndoo ya chokaa ya rojo kwa wachoraji wa fresko: chokaa safi, lebo mbovu

Kwenye fresko, yaani uchoraji juu ya lipu mbichi ya ukuta, hakuna gundi nyingine zaidi ya chokaa: lipu mbichi hunywa hewa ya ukaa, hurudi kuwa jiwe, na rangi hunaswa humo. Ndiyo maana ndoo hii ya lita 10 ya chokaa iliyozimwa kwa maji na kulazwa miaka miwili inastahili kukaguliwa kwa ukali.

Rojo lenyewe ni bora. Ni zito, linateleza kwenye mwiko, na ukilisugua kati ya vidole hutahisi chembe hata moja. Punje ambayo haijazimika hufura ndani ya ukuta baadaye na kubandua rangi. Maji yaliyotanda juu usiyamwage. Ndiyo yanayoizuia hewa. Chokaa ya unga ya mifukoni mara nyingi imeshaanza kuliwa na hewa, na lipu yake haishiki vizuri.

Lebo ndiyo inayoudhi. Inaelekeza chokaa 1 kwa mchanga 1 kwa tabaka zote! Tabaka la chini linataka 1 kwa 3, mchanga mnene, unene wa sentimita 1. La juu ni 1 kwa 1.5, mchanga laini, milimita 3 hadi 5. Chokaa ikizidi, lipu hunywea na kupasuka. Mchanga uoshwe, kwani chumvi hujitokeza ukutani kama unga mweupe. Halafu lebo inashauri kuongeza gundi. Usithubutu. Mchoraji wa Mexico Diego Rivera, fresko ilipokuwa ikifufuliwa huko miaka ya 1920, alichanganya utomvu wa mpungate. Ukaoza, ukaacha madoa, naye akaachana nao.

Lowesha tabaka la chini, kisha paka lipu ya eneo utakalolimaliza siku hiyo tu. Anza kuchora pale kidole kikigusa lipu hakitoki na chokaa. Una saa 6 hadi 8 hivi. Ukichelewa, rangi haishikwi na hupukutika. Tumia rangi za udongo, oksidi za chuma na buluu ya kobalti. Buluu ya Prussia huharibiwa na chokaa. Vaa miwani na glavu, maana chokaa hii huunguza macho na ngozi.

Kwa unene wa milimita 4, ndoo moja inatosha kama mita 4 za mraba za tabaka la juu. Tabaka la chini lihesabie ndoo zake.